Siku ya Jiko Baridi

Kokila aliuonja unga kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, akaonja tena kwa kutumaini kwamba ulimi ndio ulioamka vibaya. Haukuwa ulimi. Unga wa uwele hauna subira. Ukishasagwa ukakaa, huingia uchungu, na huu ulikuwa umekaa vya kutosha kumfanya hata mbuzi aombe udhuru.

"Uwele wa leo alipeleka nani mashineni?" aliuliza.

Wakamwana wake wawili walikuwa humo humo jikoni, mmoja akipanga bilauri, mwingine akipangusa kitu kilichokwisha pangusika. Jagruti, mke wa mwanawe mkubwa Mukund, alijibu kwa upole wa kutisha.

"Mama, mimi nilidhani amepeleka yeye."

"Mama," akasema Nirali, mke wa Tejas, kitindamimba, "mimi nilijua atapeleka yeye."

"Na huu niliouonja?"

"Wa kabla ya mvua," walijibu kwa pamoja, kisha wakanuna kwa kuwa wamejibu kwa pamoja.

Mfuko wa uwele ulikuwa bado umesimama mlangoni, umefungwa kamba vilevile ulivyotoka sokoni. Kila mmoja alikuwa akiuruka akienda na kuuruka akirudi, akingoja mwenzake aone haya. Tangu mvua zianze wanawake wale walikuwa hawasemezani. Kisa ni kifuniko cha sufuria ya presha, na ukitaka kujua zaidi ya hapo utapoteza muda wako, maana hata wao hawakukubaliana kifuniko kilikuwa cha nani. La maana ni walichoamua waume zao ili wapate usingizi. Sikukuu ikipita, kesho alfajiri, Nirali na Tejas watawasha jiko lao wenyewe kule juu ghorofani. Jiko lilikwisha nunuliwa na kuunganishwa na mtungi wake. Pale mjini Dhoraji watu hawasemi familia fulani imegombana. Husema imewasha majiko mawili, na kila mtu huelewa, na kusikitika, na kuomba maelezo zaidi.

Kokila hakuwapinga. Lakini jambo hilo lilimuuma, tena lilimuuma kuliko mkono wake wa kulia uliokuwa ndani ya plasta baada ya kuteleza uani. Alikuja nyumbani humu akiwa bi harusi wa miaka kumi na minane, na tangu siku hiyo chungu kilikuwa kimoja. Alikuwa amejipa faraja moja tu: kwamba leo, mlo wao wa mwisho wa pamoja, utakuwa mtamu. Sasa hata huo ulikuwa mchungu.

Maana leo ilikuwa Saba, siku ambayo majiko ya mji mzima hulala. Jana walipika mpaka jua likazama, chapati za uwatu, viazi, mandazi ya chumvi, kisha wakasugua jiko, wakalipaka nukta nyekundu, wakaliwekea ua, wakalizima. Mama Shitala, mungu wa kike wa ubaridi, hupita usiku huo akitafuta mahali pa ubaridi pa kulaza mgongo, na ole wake mwanamke atakayemlaza juu ya moto. Kwa hiyo leo hapawashwi hata kiberiti. Huliwa cha jana, huogwa maji ya bombani, na asubuhi huliwa kuler, zile ladu za mviringo za uwele na sukari guru na samli zisizojua moto ni nini. Za Kokila zilikuwa na karanga na lozi ndani. Mtaani wengine waliita hiyo mbwembwe, lakini walikuwa hawazikatai.

Kutoka bafuni ilisikika sauti ya Tejas akikutana na maji baridi. Ilikuwa sauti ya mtu anayeonewa.

"Mama Mukund," aliita Odhavji, mumewe, kutoka kwenye bembea ya sebuleni alikoishi tangu astaafu. "Chai hii imekufa lini?"

"Jana jioni, Baba Mukund. Inywe uizike."

"Na ladu?"

"Ladu nazo zinataka kufa," Kokila alisema, akaketi juu ya mfuko wa uwele.

*

Mashine ya kusaga ya mtaani ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Nirali, ambaye alikuwa na diploma na hakupenda kushindwa, alisema wasage kwa mashine ndogo ya umeme, ile ya viungo.

"Ile hupata moto," Kokila alisema. "Juzi ulisaga iliki nikaigusa ikaniunguza. Moto ni moto."

"Mama, ule ni umeme."

"Mwambie Mama Shitala ukimwona."

"Basi na friji tuizime, na yenyewe ni umeme."

Kokila alifikiri kwa makini, kwa kuwa jambo la dini si la kujibiwa ovyo. "Friji inatoa baridi," aliamua. "Na friji iko upande wake."

Odhavji alicheka mpaka bembea ikalia. Jagruti naye nusura acheke, akakumbuka kwamba aliyeanzisha mzaha ni Nirali, akarudisha uso mahali pake.

Ikabidi Kokila aende kwa jirani. Alitwaa bakuli kwa mkono wa kushoto, akavuka uchochoro uliojaa maji ya mvua, sari ameishikilia kwa mkono wa plasta. Kwa Bi Vilas palikuwa pamejaa wanawake walioketi chini wakiviringisha kuler zao, na wote waliinua vichwa kwa mpigo mmoja.

"Jamani, Kokila," Bi Vilas alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi. "Bakuli tupu siku ya Saba? Wakamwana wawili ndani ya nyumba, na unga hakuna?"

"Upo. Umeingia uchungu kidogo."

"Unga au wakamwana?"

Walicheka. Kokila naye alicheka, kwa kuwa mtu akichekwa na asicheke huchekwa mara mbili. Uso ulikuwa ukiwaka moto, jambo ambalo nalo halikuruhusiwa siku hiyo.

"Unga sina wa kugawa," Bi Vilas alisema akijipangusa mikono. "Lakini chukua ladu zangu tano, upeleke hekaluni. Nani atajua?"

Wanawake kumi na wawili wenye ndimi wangejua. Na kupeleka ladu ya jirani mbele ya Mama Shitala ni sawa na kupeleka mtoto wa jirani shuleni na kusema ni wako. Kokila alishukuru, akasema amekumbuka kitu nyumbani, akatoka na bakuli lake. Njiani alikuwa akiongea peke yake, na maneno yenyewe hayafai kuandikwa siku ya sikukuu.

*

Alipoingia alikuwa na hasira, na hasira ilimpa akili.

"Mtungi wa achari umekalia nini pale chini ya ngazi?"

"Umekalia jiwe, Mama," Jagruti alisema.

"Jiwe gani?"

Jagruti akaelewa, akanyong'onyea. Lilikuwa jiwe la kusagia la marehemu mama mkwe wa Kokila, mawili yaliyopandana, la juu lina jicho la kutilia nafaka na kishimo cha mpini. Halijasaga tangu mashine ije mtaani. Mukund na Tejas waliitwa kulitoa, wakalitoa kwa kelele nyingi kuliko uzito, mmoja akimwambia mwenzake "inua wewe" na mwenzake akijibu "nimeinua mimi". Wakalisugua kwa maji, wakalifuta, wakachomeka mpini wa mwiko mkubwa, kisha wakakumbuka kwamba wana shughuli nje.

"Haya," Kokila alisema. "Ketini."

Wakamwana walitazamana kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, wakajuta.

Jambo la jiwe lile ni kwamba haliendi kwa mtu mmoja. Mtu mmoja huweza, ndiyo, kama ana mabega ya fahali na hana haraka. Lakini kwa unga wa nyumba nzima kabla hekalu halijafurika, huketi wawili ana kwa ana, magoti yakigusana, mikono minne kwenye mpini mmoja. Huyu anavuta, yule anasukuma. Akilegea mmoja, jiwe hukwama. Kokila alikuwa na plasta. Odhavji alijitolea, akaambiwa arudi kwenye bembea.

Wakaketi. Kokila akatia uwele jichoni kwa mkono wa kushoto. Jiwe likaguna, likazunguka nusu, likakwama.

"Mama, mwambie anavuta kabla ya wakati," Nirali alisema.

"Mama, mwambie nisipovuta tutakuwa hapa mpaka Diwali."

"Mama, mwambie goti lake liko juu ya sari yangu."

"Mama, mwambie sari yake iko chini ya goti langu."

"Mimi si posta," Kokila alisema. "Sageni."

Likazunguka tena, likakwama tena. Unga wa kwanza ulitoka na vumbi la miaka, ukatupwa kwa ndege. Mkupuo wa pili ukatoka chenga kama za kuku. Jasho likawatoka wote wawili, vitone vyekundu kwenye vipaji vya nyuso vikaanza kushuka kuelekea puani, na hawakutazamana tena.

"Zamani walikuwa wakiimba," Odhavji alisema kutoka sebuleni. "Mama yangu alikuwa haanzi kusaga bila wimbo. Ndio unaopatanisha mikono."

"Mama, mwambie Baba hatuzijui nyimbo za kusagia," Nirali alisema, kwa kuwa alikwisha zoea kusema kupitia mtu.

"Imba chochote, mwanangu. Jiwe halichagui."

Nirali alivuta pumzi. Kilichomjia kichwani, Mungu anajua kwa nini, ni tangazo la sabuni lililokuwa likirushwa redioni kila saa, na akaliimba kwa uso mkavu kama anayesoma taarifa ya msiba:

"Sabuni ya Hansa, madoa kwaheri..."

Jiwe likazunguka. Likazunguka vizuri. Likafika mwisho wa mstari, na mstari wa pili haukuja, kwa sababu Nirali alikuwa ameusahau. Mpini ukaanza kusitasita. Jagruti aliuma mdomo. Aliuma tena. Lakini wimbo ulioachwa nusu ni kama chafya, na hatimaye ukamtoka:

"...shati la mume wangu jeupe kama sukari."

Jiwe likasimama.

"Dada," Nirali alisema taratibu, "shati la Mukund?"

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Maana Mukund alikuwa muuza tambuu, na hakukuwa na shati lake hata moja, la kazi wala la harusi, lisilokuwa na alama nyekundu kifuani. Jagruti alijaribu kuikaza midomo. Ikatetemeka. Akatoa sauti ndogo ya puani, na Nirali akaisikia, na basi. Walicheka wakiwa wameshikilia mpini, kichwa cha mmoja kikiangukia bega la mwingine, na kila mmoja akijaribu kuacha, mwenzake alisema "sukari" wakaanza upya.

"Jeupe," Jagruti alisema akilia. "Jana nimelifua, maji yakawa kama nimechinja."

"Na wa kwangu je, anayeoga kama anakamatwa na polisi?"

Kokila alikuwa amekaa sakafuni, konzi ya uwele mkononi, hajui acheke au ashike kifua. Alikuwa amesikia neno moja tu katika yote yale. Dada. Aliogopa kulitaja lisije likaruka kama ndege. Akatia uwele jichoni, polepole.

"Sageni," alisema.

Wakasaga. Waliimba tangazo lote, kisha la dawa ya mbu, kisha la chama kilichoshindwa uchaguzi. Odhavji aliitikia kutoka kwenye bembea akipitwa na maneno yote. Unga ulishuka kando ya jiwe ukiwa wa kijivu na wenye harufu ya shamba lililonyeshewa, na Kokila alipouweka ulimini uliyeyuka mtamu.

Kukanda ndiko kulikobaki. Samli ilikuwa nzito, na kuiyeyusha motoni haiwezekani.

"Iwekeni kwenye bembea, niikalie," Odhavji alisema.

"Baba, tutamwambia nini Mama Shitala?" Nirali aliuliza.

"Kwamba mimi ni moto mdogo."

Waliiyeyusha kwa viganja. Mikono minne ikazama kwenye beseni moja, unga, sukari guru iliyokunwa, samli, karanga zilizokaangwa jana, na lozi zile ambazo Odhavji alikuwa bado hajaziiba. Kokila akaamrisha kama nahodha: kandamiza, usiviringishe kwanza, karanga zaidi, hapana, hizo nyingi. Kisha akashindwa kuvumilia, akazamisha na mkono wake wa kushoto.

*

Hekaluni walipanga foleni kwenye matope pamoja na mji wote. Bi Vilas, aliyekuwa mbele yao, aligeuka akaona sinia.

"Umepata unga wapi?"

"Tumesaga," Jagruti alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa jiwe," Nirali alisema. "Karibu siku moja tukusagie na wewe, shangazi. Wa kwako utakuwa umekaa."

Bi Vilas akachukua ladu bila kukaribishwa, akaitafuna ili apate la kusema. Akaimaliza. Akachukua nyingine ya njiani.

Kokila alimwaga maji baridi juu ya jiwe la Mama Shitala, akaweka ladu na ua. Kwa kawaida alikuwa na maombi mengi, magoti ya mumewe, biashara ya Mukund, kazi ya Tejas. Leo aliyaacha yote. Akaomba moja tu, kwa kunong'ona, ili mtu asimsikie akiomba kisichowezekana: kesho liwake jiko moja.

Mchana walikula wote sita sebuleni, chapati baridi, viazi baridi, mtindi, na ladu mpaka sinia ikaonekana chini. Mukund aliuliza kwa nini wake zao wakimtazama shati wanatoka nje. Jagruti akamwongeza viazi. Kokila alikula kidogo, akiwatazama kwa zamu, na furaha ilimjaa hata akaona haya kwa umri wake.

Lakini jioni aliona Tejas akipandisha juu kifurushi cha majani ya chai na bati la sukari, na Nirali akamfuata na sufuria mbili. Hawakuonekana na kinyongo. Walikuwa wakifanya lililopangwa, basi. Kokila akajiambia kwamba kicheko ni kicheko na mpango ni mpango, akaenda kulala mapema.

*

Alfajiri aliamka kabla ya jogoo wa mtu yeyote. Alikuwa na desturi: asubuhi ya Nane, siku inayofuata Saba, ndiye aliyewasha jiko, kwa mkono wake, kwa ajili ya nyumba yote. Lakini alikaa kitandani kwanza, akisikiliza, kwa kuwa alitaka kujua kabla ya kuona.

Juu pakasikika mlio mdogo wa gesi ikishika moto. Kisha sufuria. Kisha harufu ya tangawizi ikashuka ngazi bila haya.

Basi, alijisemea. Ndiyo hayo.

Aliingia jikoni kwake. Jiko lilikuwa bado limelala na ua lake limenyauka. Alishika kiberiti kwa mkono wa kushoto, akahangaika nacho, njiti ya kwanza ikavunjika. Machozi yalimtoka na akayaacha, maana hapakuwa na wa kuyaona. Alikuwa akingoja hatua za Jagruti, amsaidie kuwasha, waanze hiyo siku yao ya majiko mawili.

Hatua za Jagruti zilisikika kweli, lakini zikipanda. Nywele hazijachanwa, kandambili zikilia, anaimba kwa chini kitu cha sabuni. Nyuma yake akapita Mukund, akikuna tumbo. Nyuma yake akapita Odhavji, mtu ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi hizo tangu mwaka juzi, akijivuta kwa kushika ukuta.

"Baba Mukund, unakwenda wapi?"

"Kuna chai ya moto," alisema, kama mtu anayeeleza kila kitu, akaendelea kupanda.

Kokila alibaki amesimama na kiberiti. Juu walikuwa wanacheka tayari. Vikombe viligongana. Mtu alisema "sogea", mwingine akasema "nimesogea mimi". Nyumba nzima ilikuwa juu ya kichwa chake, na chini alikuwa yeye na jiko baridi.

Ndipo akaelewa. Alikuwa ameomba jiko moja, akapewa jiko moja. Hakuwa amesema lipi.

"Mama," Jagruti aliita kutoka juu ya ngazi. "Huji? Inapoa."

"Nakuja," Kokila alisema. Akaupangusa uso kwa ncha ya sari. Akakiweka kiberiti mahali pake. Kisha akaanza kupanda, mkono wa plasta kifuani, na katikati ya ngazi kicheko kikamkuta peke yake, kikamshika mpaka ikabidi asimame ashikilie ukuta, kwa sababu Mama Shitala yule si mtu wa kufanyiwa mzaha.

Wote walijibana kwenye kijichumba kile, magoti kwa magoti. Walimpa kiti kimoja kilichokuwapo. Nirali akamwekea kikombe mbele, akasubiri kama mwanafunzi. Kokila akaonja. Tangawizi ilikuwa nyingi, utamu haukutosha. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akatazama rafu ambazo hakuzipanga yeye.

"Nirali, mwanangu," aliuliza, "sukari mnaweka wapi humu?"